Kubandika Macho ya Paka kwa Mtambo: Mwongozo Kamili kutoka Barabara ya Malindi

Ukitoka Kilifi usiku kuja Malindi, kuna kipande ambacho msitu wa Arabuko Sokoke unakaa mkono wako wa kushoto na huoni taa ya mtu mpaka ukaribie Gede. Mvua ikinyesha hapo, mstari wa katikati unazama. Rangi ipo, lakini vile vishanga vya kioo vilivyomwagwa juu yake vimefunikwa na maji na mwanga wa gari haurudi tena kwa dereva. Kinachobaki kuonekana ni macho ya paka, vile vitufe vya kuakisi taa vinavyowekwa kwenye lami, kwa sababu yameinuka kama milimita 18 juu ya lami na maji yanapita chini yake.

Nasema jicho, sisemi kijicho. Kijicho ni cha jirani akisikia umepata tenda.

Kazi ya kuyabandika tumeirithi ikiwa kazi ya magoti. Mmoja anavuta tepe, mmoja anatia alama kwa chaki, mmoja anafagia, mmoja anamimina gundi kwa kikombe, na wa mwisho anachutama anabandika, mgongo umeelekea matatu. Mwongozo huu ni wa fundi au mkandarasi mdogo mwenye trekta au pikapu, mashine ya kuchomea na kilomita kumi au ishirini mkononi. Mtambo ninaoueleza unaweza kuundwa na kuunganishwa katika karakana yoyote nzuri ya Malindi au Mombasa.

Nianze na lililonichukua muda kulielewa. Watu wakisikia mtambo wa kubandika macho hufikiria mkono wa chuma unaoweka jicho chini. Kuweka jicho chini ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Kinachoamua kama jicho litakaa miaka au wiki ni usafi wa lami na joto la gundi. Mashine yako ianze huko. Mkono wa chuma uje mwisho, na pengine usije kabisa.

Jua unachobandika

Jina la macho ya paka limetokana na kifaa cha Percy Shaw wa Halifax, Uingereza, aliyekiombea hataza mwaka 1934: vioo viwili kila upande ndani ya mpira, na mpira ndani ya kikombe cha chuma kilichozikwa barabarani. Gari likikanyaga, mpira unabonyea na kufuta vioo. Huko kubandika hakupo, unachimba shimo.

Tunayobandika sisi ni ya ukoo mwingine. Elbert Botts, mwanakemia wa idara ya barabara ya California, alishughulika na vitufe vya duara miaka ya 1950, na mwaka 1966 jimbo hilo likaamua viwekwe kwenye barabara zake kuu isipokuwa penye theluji. Vya kwake vilikuwa vya kauri, havikurudisha mwanga, vilimgutusha dereva kwa mtikisiko. Vya leo vingi ni vya plastiki ngumu, kama milimita 100 kwa 100 chini, na uso wa kurudisha mwanga upande mmoja au pande zote mbili.

Yapo pia ya alumini yenye mguu chini yake. Hayo yanataka shimo la kuchimbwa kwa keekee na gundi ya epoksi (ile ya kuchanganya sehemu mbili), na mtambo wa mwongozo huu hauyafai ila kwa kupima nafasi na kusafisha. Rangi na nafasi zitakuwa kwenye mchoro wa mhandisi, usibuni. Barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, ile A7, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Za mijini mara nyingi ni za mamlaka ya KURA au kaunti, za mashambani ni za mamlaka ya KeRRA au kaunti. Ruhusa ya kufunga leni inatoka kwa mwenye barabara pamoja na trafiki, na ipatikane kwa maandishi kabla koni ya kwanza haijashuka.

Hesabu kabla ya chuma

Chukua kilomita 10. Tuseme mchoro unataka jicho kila mita 12 kwenye mnyoofu na kila mita 6 penye kona, na kona zote zikijumlishwa ni kilomita 2. Mnyoofu: mita 8,000 gawa kwa 12, ni 667. Kona: mita 2,000 gawa kwa 6, ni 333. Jumla macho 1,000. Ongeza ya akiba.

Gundi: ya lami, ile inayoyeyushwa, ndiyo ninayoipendekeza juu ya lami. Epoksi ni ya zege, kwa mfano sakafu ya daraja. Donge linalotakiwa chini ya jicho la milimita 100 lipite kingo zote kidogo, kwa hiyo hesabu eneo la milimita 120 kwa 120 na unene wa milimita 4. Hiyo ni sentimita za ujazo 57 na ushei. Gundi hii imejazwa unga wa mawe kiasi kwamba sentimita moja ya ujazo ina uzito wa karibu gramu 1.8, kwa hiyo kila jicho linakula kama gramu 104. Macho elfu ni kilo 104. Nunua 110 na zaidi.

Sasa muda, maana hapa ndipo watu wanapodanganywa na video. Kuna mitambo ya aina mbili. Wa kwanza husimama, hubandika, husogea. Wa pili hausimami: kigari kidogo chenye mdomo wa gundi na mkono wa kubandika kinateleza kwenye reli kurudi nyuma kwa kasi ileile gari linayokwenda mbele, hivi kwamba ukikitazama kutoka chini kimetulia juu ya lami. Ni uhandisi mzuri, na huko California, Chuo Kikuu cha California tawi la Davis kimekuwa na kituo kizima cha kutafiti mitambo ya namna hii ya kumtoa mfanyakazi barabarani. Lakini piga hesabu. Kama kumimina na kubandika kunachukua sekunde 4 na gari linakwenda mita 1 kwa sekunde, reli lazima iwe na mita 4 za kuteleza. Utabandika jicho moja kila sekunde 12, yaani 300 kwa saa. Ukipunguza kasi hadi nusu mita kwa sekunde, reli inapungua hadi mita 2, lakini unashuka hadi macho 150 kwa saa.

Wa kusimama na kusogea: sekunde 8 za kutembea mita 12, sekunde 12 za kusimama, jumla 20. Ni macho 180 kwa saa. Yaani ule wa bei rahisi unaupita ule wa reli fupi! Macho elfu yanataka saa tano na nusu za kazi tupu. Weka siku mbili, kwa sababu kuna kujaza chungu, kuna kona, na kuna ng'ombe. Kwa mkandarasi wa kilomita kumi, wa kusimama na kusogea unatosha, na ndio nitakaoueleza.

Trela na kinachoivuta

Trela ya ekseli moja, upana usiozidi mita 2, fremu ya bomba la mraba lililochomewa vizuri. Sehemu ya kubandikia ikae karibu na ekseli kadiri unavyoweza. Ukiiweka nyuma kabisa, kwenye kona inapepesuka nje ya mstari kama mkia wa ng'ombe.

Avute nani? Pikapu inaweza, ila kusimama na kuondoka mara elfu kutakumalizia klachi. Trekta kwenye gia ya chini ni bora, na ule mhimili wa nyuma yake unaozungushwa na injini (PTO) unaweza kuzungusha brashi bila injini ya pili. Mzee mmoja wa karakana nilikochomelea fremu yangu alinitazama nikiikagua pikapu, akaniuliza, "Mwanangu, hii gari yako au ya kuazima?" Nikamjibu, "Yangu, mzee." Akasema, "Basi tafuta trekta la kuazima."

Madereva wetu hukaa kulia, na mstari wa katikati uko kulia kwao. Kwa hiyo mdomo wa gundi na kiti cha mbandikaji viwe upande wa kulia wa trela, lakini ndani ya fremu, na nje yake kuwe na bomba nene la kinga. Mguu wa mtu usitokeze hata sentimita moja. Ili dereva afuate mstari, chomea mbele ya trekta chuma chembamba kinachotangulia, na ncha yake ining'inize mnyororo mwembamba juu ya mstari. Dereva anaangalia mnyororo tu. Wachoraji wa mistari wanatumia hila hii tangu zamani na sijaona kifaa cha umeme kinachoishinda kwa bei.

Jicho lisikae juu ya rangi. Liweke kando yake, kama milimita 50, au katika pengo kati ya vipande vya mstari. Likikaa juu ya rangi, rangi ikibanduka nalo linaondoka. Vilevile likwepe ule mwungano wa lami ya kushoto na ya kulia.

Gurudumu la kupimia

Gurudumu la baiskeli linatosha. Lifunge kwenye mkono wenye springi ili lisiruke kwenye matuta, na kwenye ekseli yake weka sensa ya kuhesabu mizunguko: diski yenye matundu na jicho la umeme, au sumaku kadhaa kwenye spoku. Sensa inapeleka hesabu kwenye kidhibiti kidogo ambacho kijana yeyote anayetengeneza simu mjini anaweza kukiprogramu.

Usiamini kipenyo kilichoandikwa kwenye tairi. Pima mita 100 kwa tepe ya chuma kwenye barabara iliyonyooka, vuta trela mara tatu, hesabu mipigo, chukua wastani. Tairi likiwa na upepo pungufu hesabu inabadilika, kwa hiyo rudia kila asubuhi. Kosa la asilimia 1 ni mita 100 katika kilomita kumi, na jicho la mwisho litakuja mahali ambapo mchoro hauna jicho.

Kidhibiti kiwe na swichi ya 12 na ya 6 basi. Kinapofika mita moja kabla ya alama kinawasha taa kwa dereva, kikifika, king'ora. Dereva anasimama, na mbandikaji anasahihisha sentimita mbili tatu kwa kusogeza kiti kwenye reli yake fupi. Usijaribu kulifunga breki trekta kwa kompyuta. Nimejua mtu aliyejaribu, na gundi ya nyuzi 200 ilimwagika mapajani mwa trela, namshukuru Mungu si mapajani mwa mtu.

Kusafisha: hapa ndipo pesa ilipo

Nitakaa hapa, kwa sababu ndipo kazi zinapofia.

Kati ya daraja la Sabaki na Mambrui, kaskazini mwa Malindi, upepo unaleta mchanga wa matuta hadi katikati ya barabara. Mbele zaidi, Gongoni na Marereni, kuna mashamba ya chumvi, na malori ya chumvi yanadondosha maji ya munyu njiani. Munyu unakauka, unakuwa ngozi nyeupe nyembamba ambayo jua la mchana linaificha. Ukimimina gundi juu yake inashika ile ngozi, haishiki lami. Mvua ya kwanza ya masika inayeyusha chumvi kutoka pembeni na jicho linaondoka zima, bila hata mkwaruzo. Nililipa kipande kizima huko, mara ya pili kwa mfuko wangu, nikijifunza hilo.

Mtambo wa kusafisha una hatua mbili, zote mbele ya mdomo wa gundi. Kwanza brashi ya waya ya duara, upana wa sentimita 20, inayozunguka na kukwangua. Kazi yake ni kung'oa, siyo kufagia. Mahali lami imeng'arishwa na matairi au imelowa oili ya malori, ongeza grainda ya mkono mpaka uone mawe yake. Pili hewa: kompresa, bomba, na mdomo bapa ulioelekezwa chini na pembeni, kuelekea ukingo wa barabara.

Hewa ya kompresa pwani ni mvua ya kufungwa kwenye tangi. Bila kitenga maji utakuwa unapulizia maji na oili mahali ulipotoka kusafisha. Kila saa, elekeza mdomo kwenye karatasi nyeupe kwa sekunde kumi. Karatasi ikitoka na doa lolote, simama, mwaga maji ya tangi, angalia kitenga maji.

Penye munyu, brashi haitoshi. Siku moja kabla, pita na bowser ya maji baridi yasiyo na chumvi (ya bomba, siyo ya kisima cha karibu na bahari), sugua, acha ikauke hadi kesho yake. Lami iwe kavu kabisa; hata umande wa alfajiri ni maji.

Halafu upepo. Brashi iko mbele, gundi iko nyuma. Upepo ukikupiga usoni, vumbi lote la brashi linarudi juu ya mahali palipokwisha safishwa. Kwa hiyo fanya kama manahodha: miezi ya kusi, tangu Aprili hivi hadi Oktoba, anza kazi ukielekea kaskazini, Malindi kwenda Garsen. Ikiingia kaskazi, geuza, anza mbali ukirudi Malindi. Upepo uwe mgongoni mwako, uisukume vumbi mbele ya brashi. Hilo linaamua pia utafunga leni ipi, kwa maana mtambo uende na mwelekeo wa magari wa leni hiyo. Sikulisoma popote; lilinijia Ngomeni nikitazama mashua zikitoka, nikiwa nimejaa vumbi puani.

Chungu cha gundi

Gundi inakuja kwa vipande vigumu ndani ya maboksi. Inayeyushwa na kumiminwa ikiwa kati ya nyuzi 200 na 220 hivi za selsiasi. Fuata karatasi ya mtengenezaji. Ikipita 230 inaanza kuungua na kupoteza nguvu, na ukiona moshi mzito umeshachelewa.

Kwa sababu hiyo moto wa gesi usiguse chungu cha gundi moja kwa moja. Tengeneza chungu cha kuta mbili. Katikati weka oili maalumu ya kuhamishia joto, na moto upashe oili. Oili ikipata joto inatanuka, kwa hiyo lazima kuwe na bomba la juu kwenda kwenye kitangi cha upanuzi kilicho wazi kwa hewa. Ukiziba mahali hapo umetengeneza bomu. Weka vipimajoto viwili, kimoja ndani ya oili na kimoja ndani ya gundi, na themostati ya kukata moto. Kipimajoto kimoja hudanganya bila kushitakiwa.

Ndani ya chungu kuwe na mkono wa kukoroga polepole muda wote. Unga wa mawe ni mzito, ukiachwa unazama chini; utamimina lami laini asubuhi na uji wa mawe mchana. Mdomo wa kumiminia, vali ya milimita 25, nao upashwe joto, ama kwa kuzungushiwa bomba la oili ileile au kwa waya wa umeme. Usipofanya hivyo gundi itaganda mdomoni kila ukisimama kupisha basi la Lamu.

Vali ifunguliwe na silinda ya hewa yenye saa. Ili kuipata gramu 104, mimina mara kumi kwenye mabati kumi, pima jumla: inatakiwa gramu 1,040. Ikipungua ongeza sehemu ya sekunde, ikizidi punguza. Rudia wakati chungu kimejaa na kikiwa nusu, kwa kuwa kikipungua msukumo nao unapungua.

Boksi lililolowa lisiingie kwenye chungu. Tone la maji ndani ya gundi ya nyuzi 200 linageuka mvuke kwa kishindo na kurusha gundi nje. Na gundi ikimwangukia mtu, usiibandue kwenye ngozi. Mwagia maji baridi safi kwa dakika 20, kisha hospitali, gundi ikiwa bado imeganda. Dumu mbili za maji za lita 20 zifungwe kwenye trela, na asinawe mtu kwa maji hayo.

Kiti, au mkono wa chuma

Kwa mtambo wa kwanza, tumia kiti. Mtu anakaa ndani ya fremu, kiti kiko chini karibu na lami, uso umeelekea nyuma, macho ya kubandika yamo kwenye trei pajani pake. Gundi ikimwagika anaweka jicho mara moja. Una sekunde kumi, siyo zaidi. Baada ya hapo gundi inaota ngozi juu na jicho halishiki. Anabonyeza mpaka gundi itokeze kingo zote nne. Upande usiotoa gundi ni mlango wa maji. Iliyopanda juu ya uso wa kuakisi ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya taa, hapohapo.

Ukitaka kuendelea hadi mkono wa chuma: bomba la mraba la kupangia macho moja juu ya jingine, kisukuma cha chini kinachotoa moja, na silinda ya kubonyeza. Silinda ya kipenyo cha milimita 50 kwa hewa ya bar 6 inasukuma kwa karibu nyutoni 1,180, kama gunia la kilo 120. Ni nyingi, inakamua gundi yote nje. Shusha hadi bar 2 upate kama kilo 40, nguvu ya mtu anayeegemea kwa kiganja. Macho ya rangi mbili yapangwe yakielekea upande mmoja tu, kwa hiyo paka bomba rangi hizohizo kwa ndani, asije kijana wa kupakia akageuza ishirini. Jicho likigeuzwa linamwonyesha dereva rangi isiyo yake.

Mkono huu unaokoa kiti kimoja. Uujenge ukiwa na kazi ya mwaka mzima mbele yako.

Majaribio

Tafuta uwanja wa lami usiotumika, bandika macho 30. Kesho yake piga matano kwa nyundo ya mpira kutoka ubavuni mpaka yang'oke, kisha geuza utazame tumbo. Likitoka na vipande vya lami, umefaulu: gundi imeishinda barabara. Likipasuka ndani ya gundi yenyewe, angalia joto. Likitoka safi, limepakwa vumbi, rudi kwenye brashi.

Siku ya barabarani

Lami mpya isiguswe mapema. Kwa gundi ya lami, utaratibu wa California ni kuacha magari yapite siku 7 kwanza. Kwa epoksi siku 14. Huku kwetu nisingepunguza, kwa sababu lami mbichi kwenye jua la Malindi ni laini na lori la chumvi litalizamisha jicho kama mbegu shambani.

Anza saa mbili asubuhi umande ukishakauka. Adhuhuri lami nyeusi hupita nyuzi 55. Gundi nzuri haiyeyuki hapo, kwani hulainika kuanzia nyuzi 93, lakini inachelewa kushika, kwa hiyo koni zikae muda mrefu zaidi. Asubuhi inatosha dakika kadhaa. Mchana gusa ukingo wa gundi kwa bisibisi, ikiwa inabonyea, subiri.

Mpangilio: bango la kwanza mbali kabisa, wenye bendera wawili wenye redio, gari zito la kinga nyuma ya mtambo, na koni. Zisukume koni nusu mita ndani ya leni iliyo wazi ili magari yasipite karibu na bomba la kinga. Boda boda wataingia kati ya koni hata ukiweka ukuta wa magofu ya Gede. Mpe mtu mmoja kazi hiyo tu, na awe mtu mzima wanayemjua, anayeweza kusema "rudi huko, mwanangu" na kijana akarudi.

Kuelekea Witu na Mokowe, upande wa Lamu, kuna mambo mawili zaidi. Usalama ndio unaopanga saa zenu, kwa hiyo shauriana na polisi wa huko kabla ya kukodi trekta. Na mifugo: kundi la ng'ombe likikanyaga gundi mbichi, macho ishirini yamekwenda na mwenye ng'ombe anakudai kwato. Zungumza na wachungaji jioni iliyotangulia. Huwa wanakubali kuvuka mahali pengine wakiombwa kwa adabu.

Jioni chungu kisiachwe na gundi iliyojaa. Mimina kwenye trei za bati zilizopakwa unga wa chokaa, igande, itayeyushwa kesho. Brashi ya waya ioshwe kwa maji baridi na kupakwa oili; munyu unaila kwa wiki mbili.

Kurudi kukagua

Rudi usiku wa tatu, kisha baada ya mvua kubwa ya kwanza, na hesabu yaliyopotea kwa kuendesha polepole taa zikiwa chini. Yakipotea hapa na pale ni magari. Yakipotea yaliyofuatana, kumi au kumi na tano, tafuta kwenye daftari ni saa ngapi mlipita hapo na nani alikuwa kwenye bomba la hewa.

Kile kipande changu cha Gongoni sikukigundua kwa daftari. Niliingia kunyolewa, nikaona macho matatu yamepangwa dirishani kwa kinyozi, watoto walimletea. Nikaomba niyashike, nikayageuza. Matumbo yalikuwa meupe, na nilipoyagusa nikaramba kidole yalikuwa ya chumvi. Kinyozi hakukubali kunipa bure.